Imondo za Wakwe wa Zilpah

“Kama unaenda kuwadanganya watoto wa watu, nenda na miguu yako, lakini mimi usinitaje,” nilimwambia Rachael.

“Kukhu, wewe ndiye wa kuniambia habari za uongo? Wewe uliyemfukuza chui wa msitu wa Isecheno kwa mwiko?”

“Chui alikuwepo.”

“Na huo mwiko uko wapi?”

“Ulivunjikia kichwani kwake. Ndiyo sababu siwezi kukuonyesha.”

Hakucheka. Rachael ni mtoto wa binti yangu, mimi ndiye kukhu wake, bibi yake, na siku nyingine yoyote angecheka mpaka ajishike mbavu. Alikuwa amesimama kati ya masufuria yake, simu mkononi, anajizoeza hotuba. Chuo cha kilimo cha kule Bukura, alikosomea, kilikuwa kimemwita awaeleze wanafunzi alivyoanzisha kampuni peke yake. Kampuni yenyewe ni ya ingokho, kuku wa kienyeji: anawapika, anawapeleka moto kwa mtu mwenye wageni. Sasa ana wasichana wa kunyonyoa na pikipiki yenye sanduku.

Hotuba ilikuwa tamu. Kuni mbichi zilikuwemo, sufuria ya kuazima kanisani ilikuwemo, hata msumari wa dirishani alipotundika simu ili ipate netiwaki. Nilingoja nisikie habari ya imondo, zile firigisi za kuku. Akazipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

“Na imondo?” nikauliza. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Siku zile mtoto huyu alikuwa peke yake kama jino langu hili la mbele. Anachinja, ananyonyoa, anapika, anaosha. Simu ikilia, anapangusa mikono, anakohoa kidogo, kisha sauti inageuka kuwa ya mama mnene wa ofisini: “Ofisi yetu inakusikiliza. Sisi tumepokea. Sisi tutatuma.” Hao sisi nilikuwanga nawatafuta humo jikoni, namwona paka tu.

Oda kubwa ya kwanza ilitoka kwa Zilpah, mke wa Makhanu, hapo ng’ambo ya mto. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Na huku kwetu kuku wa wakwe hawaendi bila imondo. Inakaa juu ya sahani ya mzee wa wageni, aione kabla hajanawa mikono. Asipoiona, ni kama umemwambia arudi kwao. Na anayeulizwa ni mama aliyepakua.

Rachael alizitenga kwenye bakuli ili aziweke juu mwishoni. Tumboni mwake hamkuwa na kitu tangu jana yake. Nilipoingia kuomba moto nilimkuta ameegemea ukuta, macho amefumba, anatafuna. Bakuli limebaki na mafuta. Alianza kwa kuonja chumvi, aliniambia. Mimi nikacheka. Msichana kula imondo, nyama ya wanaume, tena za wakwe wa watu! Nikacheka mpaka pikipiki ya kukodi ikapiga honi nje, naye akafunika sufuria akazipakia.

Zilpah alipopiga simu alikuwa analia. “Mwanangu, imondo ziko wapi? Wazee wamesukuma sahani.”

Nilikuwa nimesimama pale pale. Rachael alinitazama, akakohoa kidogo. “Ofisi yetu ilipakia kila kitu, mama. Sisi tulihakikisha.”

Basi nani alikula? Makhanu alimuuliza mkewe mbele ya wageni. Binti aliolewa, ndiyo, wakwe walitulizwa na mbuzi. Lakini tangu siku ile Zilpah hapakui chakula cha mgeni nyumbani kwake. Sahani zinabebwa na dada ya mumewe, naye Zilpah anakaa jikoni akisikia watu wakila.

“Waambie wanafunzi hiyo,” nilimwambia Rachael. “Au usiwaambie wao. Mwambie Zilpah.”

“Nimwambie nini, Kukhu? Kwamba nilimuacha aitwe mlafi nyumbani kwake? Kila nikipita sokoni namwona, nazunguka nyuma ya vibanda vya mitumba. Sijui nianzie wapi.” Akageuka. “Na wewe je? Si ulienda huko siku ile?”

Nilitazama moto.

“Sema, Kukhu. Uliwaambia nini wazee?”

“Niliwaambia kuku wa karibu na msitu hawana imondo. Wanakula wadudu laini, hawana haja ya kusaga.”

“Na Makhanu akasema nini?”

Anajua alichosema. Watu walipomaliza kucheka, Makhanu alimgeukia mkewe: “Mpaka umeleta kikongwe akufichie!” Nilikuwa nimeenda kumwokoa yule mama, nikammaliza. Ningesema neno moja tu la kweli, lakini la kweli lilikuwa na jina la mjukuu wangu. Nilirudi nyumbani na uso ambao sikujua pa kuuweka.

“Basi twende wote wawili,” nikasema. “Leo hii, kabla hujaenda Bukura.”

“Kukhu, mimi siwezi. Aki siwezi. Wakisikia, nani ataagiza tena kwangu?”

“Hodi hapa!”

Alikuwa Zilpah mwenyewe, leso kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

“Mbona mmenyamaza? Kukhu, leo huna hadithi?” Akacheka peke yake, akabaki mlangoni. “Nimekuja kuagiza. Wakwe wa binti yangu mdogo wanakuja. Mwanangu, uiambie ofisi yenu imondo zifungwe kando, na wifi yangu ndiye atakuja kuzichukua. Mimi nisizishike kabisa.”

Rachael alipangusa mikono. Nikangoja akohoe.

Hakukohoa. “Mama Zilpah,” alisema, kwa kale kasauti kake, “hakuna ofisi. Ingia ukae.”

Nikampisha kigodani.