Msimu Mama Aliporudi Kutoka Baharini

Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa mafuta ya nazi na bizari nyembamba niliifahamu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo, nyumbani kwa bibi, juu kidogo ya Tengeru kwenye miteremko ya Mlima Meru, chakula kilichemshwa tu. Ndizi zilichemshwa, maharage yalichemshwa, mahindi ya loshoro yalitokota tangu asubuhi kisha yakapozwa na kuchanganywa na maziwa ya mgando, na nyumba nzima ilinuka moshi wa kuni. Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo mlima hujificha nyuma ya ukungu wiki nzima na nguo hukaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Nilikuwa natoka shule, sweta limelowa manyunyu, na kabla sijamaliza kupita migomba ya uani nikakutana na ile harufu ngeni. Nikajua mama amekuja. Sikukimbia kwenda kumlaki. Nilisimama kwenye migomba, kwa sababu nilikuwa nimesahau sura yake na niliogopa ataligundua hilo usoni pangu.

Mama yangu, Ruthi, alikuwa mpishi kwenye boti ya matanga. Baba alifariki nikiwa mchanga, na mama akapata kazi jikoni kwenye hoteli moja mjini Arusha, akawa anarudi kwa bibi kila Jumapili. Siku moja mgeni mzee aliyekuwa akisafiri na mkewe kwa boti yao alionja mchuzi wake, akamwuliza kama anaweza kupika mahali ambapo jiko halitulii. Mama hakuwa amewahi kuiona bahari. Alikwenda kwa miezi mitatu, akakaa miaka minane bila kurudi. Alianza kwa kupika, kisha akajifunza kupandisha tanga na kushika usukani, na mwishowe wale wazee wakawa hawasafiri bila yeye. Kadi zake zilikuja kupitia sanduku la posta la usharika, kutoka Tanga, Komoro, Shelisheli na bandari nyingine ambazo mwalimu wangu alinionyesha kwenye ramani. Aliandika alichopika na upepo ulivyokuwa. Mwishoni aliandika, msalimie bibi, soma kwa bidii.

Mwaka ule boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na mama alikuja kukaa hadi ikamilike. Hakuna aliyejua itachukua muda gani. Nilimfuata jikoni kila siku baada ya shule, nikakaa kwenye kigoda nikimtazama kama mtu anayetazama mgeni wa heshima. Hakujaza sufuria kupita nusu. Kisu hakukiacha mezani hata kwa dakika moja. Alikichomeka kwenye ufa wa ukuta mara tu alipomaliza kukata. Alipokoroga aliegemeza nyonga kwenye ukuta na kutanua miguu, ingawa sakafu ya bibi ilikuwa udongo mgumu usioyumba hata kidogo. Alinifundisha kujua kwa pua wakati iliki imeiva, dakika moja kabla haijaungua. Alinifundisha kupika wali, mchuzi na mboga kwenye moto mmoja, kwa kupanga kipi kitangulie. Bibi alikula chakula hicho kwa adabu, akasema ni kizuri, kisha akajichemshia ndizi zake mbili.

Usiku nililala katikati yao na sikusinzia mapema. Nilihesabu mambo aliyoanza kufanya ambayo mtu wa kupita asingeyafanya. Alipanda vitunguu nyuma ya zizi. Alishona pazia. Alikwenda ibada ya Jumapili, akaimba, wanawake wakamkumbatia. Kila nilipoona jambo la namna hiyo moyo ulipanda, na kila nilipomkuta amesimama uani akitazama upande wa bahari, ambako hakuna kitu ila mawingu, ulishuka tena.

Jumamosi moja aliniambia nivae nguo za zamani. Tuliteremka hadi Ziwa Duluti, lile ziwa la kijani lililozungukwa na msitu, ambalo watu wa kwetu walisema halina mwisho kwenda chini. Mama alikuwa amepatana na mvuvi mmoja wa perege atuazime mtumbwi wake, naye mvuvi akatusaidia kufunga nguzo katikati. Kwenye nguzo hiyo mama akafunga tanga. Nililitambua mara moja. Lilikuwa turubai la bibi la kuanikia kahawa, limekatwa pembe tatu na kushonwa ukingoni kwa uzi wa gunia.

"Bibi anajua?" nikauliza.

"Nitamnunulia jingine," akasema. "Kaa hapo. Shika kamba hii. Ukiona tanga linapwaya, vuta kidogo. Likikaza sana, legeza."

Upepo ulishuka kutoka kwenye ukingo wa msitu, ukalijaza lile turubai, na mtumbwi ukaondoka wenyewe bila kasia. Nasema kweli, sijawahi kumwona mtu akibadilika namna ile. Yule mwanamke aliyekuwa akipita nyumbani kwa mama yake kama anayeogopa kuvunja vyombo alikaa nyuma ya mtumbwi, mkono kwenye kasia lililokuwa usukani, uso umetulia kabisa, akinipa maelekezo kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia. Tulivuka ziwa mara nne. Alitoa sambusa alizozifunga kwenye jani la mgomba, tukala zikiwa bado vuguvugu, maji yakigonga ubao chini yetu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na pa kuiweka. Na katikati ya furaha hiyo nikaelewa, ingawa nilikuwa mtoto, kwamba mtu huyu hawezi kubaki kwa bibi. Niliendelea kutafuna, lakini sambusa haikuwa na ladha tena.

Bibi alikuwa anatungoja mlangoni. Hakupaza sauti.

"Kahawa nitaianika juu ya nini, Ruthi?"

"Nitanunua turubai jingine, mama. Nisamehe."

"Na mtoto ningemnunua wapi? Hajui kuogelea. Ziwa lile limeshachukua watu."

Mama akainamisha kichwa. Bibi akaniangalia mimi, nywele zangu zikiwa zimelowa, akamwambia mama taratibu, "Unamwonjesha kitu, halafu unaondoka nacho." Kisha akaingia ndani. Siku zilizofuata walizungumza kuhusu kuni na maji tu.

Barua ilifika wiki mbili baadaye. Boti ilikuwa tayari. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaendelea kukuna nazi. Kisha akaweka mbuzi ya kukunia pembeni na kuniita nikae mbele yake.

"Upendo, wewe ni mkubwa sasa. Nimekaa nikafikiri. Ukiniambia nibaki, nitabaki. Nitatafuta kazi mjini. Sema ukweli."

Jibu nilikuwa nalo tangu siku aliyofika: abaki. Lakini nilitaka alitamke yeye mwenyewe, bila kuombwa. Nilitaka nikisema aende, akatae. Nikatazama miguu yangu, nikasema, "Nenda tu."

Akanishika shavu kwa mkono uliokuwa na chembe za nazi.

"Asante, mwanangu," akasema.

Aliondoka Jumatatu, mimi nikiwa darasani. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili, na mama alifika siku tisa baada ya mazishi, na mfuko wa karafuu mkononi, akaketi kwenye kaburi bila mtu wa kumwambia lolote. Wiki iliyofuata aliondoka tena.

Sasa nina miaka mitatu zaidi ya aliyokuwa nayo mama msimu ule. Mimi ni mwalimu, ninaishi Moshono, pembezoni mwa Arusha, na mama anaishi nami. Wale wazee walikufa, boti ikauzwa, na magoti yake hayamruhusu tena kusimama muda mrefu, kwa hiyo anapika ameketi kwenye stuli. Sina hasira naye kwa kuondoka. Ninafanya kazi ambayo siipendi wala siichukii, na ninapokumbuka uso wake kule Duluti namwonea wivu. Binti yangu, Naomi, humwuliza bibi yake mambo ambayo mimi sikuuliza. Juzi nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari nikamsikia mama akimsimulia kwamba mwaka wa kwanza baharini alitapika mwezi mzima, akataka kurudi nyumbani, akaona aibu. Nilishika kalamu bila kuandika. Miaka yote hii sikujua.

Asubuhi namkuta ameshaamka, chai iko mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala vizuri?"

"Vizuri."

Baada ya hapo kila mmoja anashika kikombe chake, na tunamngoja Naomi aamke ili tupate la kuzungumza.