Mabwana Wadogo wa Milimani kwenye Pindo la Gauni

Ninyi wa Morogoro, safari hii ilitokana na mama kudhani kopo alilotuachia babu Anton atutunzie lilikuwa la vifungo vibovu. Babu Anton ni Mswisi, jirani yetu hapa mtaani La Rochelle, huku ugenini kusini. Zamani alikuwa seremala wa misheni huko kwetu, ndiyo maana Kiswahili kimemkaa. Jioni moja alikuja kutuaga, kesho yake usiku anarudi kwao moja kwa moja, na alitaka visarafu vyake vya shaba vilivyokuwa koponi: vyeusi, vyembamba kama ganda la kitunguu, vilivyopigwa miaka mia tano na ushee iliyopita na mabwana wadogo wa milimani, kila mmoja na bonde lake na kiburi chake.

"Kopo nilimpa Papa Riziki," mama akaninong'oneza. "Nenda, mwanangu. Mzee hana kingine cha kwao."

Asubuhi nilibadilisha teksi mjini, nikashuka mtaa wa Yeoville. Papa Riziki, fundi cherehani Mkongo, alikuwa anafunga duka, suti inameta kuliko kioo cha dirisha.

"Bile byuma? Nilibishona mu pindo ya robe ya binti yangu Furaha, biivute chini, ikae muzuri. Na leo anaolewa. Shika kopo yake, twende."

Kanisa lao liko mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la blanketi. Furaha nilimkuta kwenye ngazi, ameshikilia gauni lisifagie vumbi. Baba yake akamweleza nilichofuata.

"Eish. Umekuja kunivua gauni leo?"

"Pindo tu, dada."

"Ngoja kwanza mchungaji amalize."

Nikakaa nyuma. Gauni lilishuka limenyooka kweli, mabwana wote wa milimani wakaburutwa hadi madhabahuni bila kuulizwa dini yao.

Baada ya ibada Papa Riziki alipiga magoti na wembe, shangazi wakiguna, akafumua pindo sarafu moja moja. Ya mwisho, yenye picha ya mbuzi, Furaha aliifumbata.

"Hii inabaki. Mwambie babu imenisindikiza."

Jioni, La Rochelle, masanduku ya babu yalikuwa mlangoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umezipata?"

Akazitandaza kwenye kitambaa, akizigusa kama anayesalimia watu.

"Zilinunua nini?" nikamuuliza.

"Mkate. Lakini ukivuka daraja tu, bonde la pili wanazikataa."

Nikakumbuka noti za Kongo ambazo Papa Riziki amezibandika ukutani dukani, kwa kuwa hapa hazinunui hata kiberiti.

"Ya mbuzi iko wapi?"

Nikamweleza. Nilitarajia anifokee. Akazirudisha nyingine koponi, akalifunga.

"Bwana yule wa mbuzi hakuwahi kuvuka daraja lake," akasema. "Mwache akae harusini."

Nilikuwa na mzaha tayari kuhusu mbuzi na harusi. Nikaumeza. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuacha kitu cha kwao ugenini, akaondoka bila kuhisi ameibiwa, mradi ajue kiko kwa nani.