Cheni ya Pikapu ya Mzee wa Rangwe

Niseme ukweli mapema: sikuwa fundi. Katika miaka ile ya sitini nilikuwa muuzaji kwenye duka la spea mjini Migori. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya kaunta, kumsikiliza dereva akieleza kwa mikono kitu kilichovunjika, kisha kupanda ngazi na kumshushia boksi. Spea zote nilizijua kwa namba. Kuzifunga kwenye gari ilikuwa habari nyingine, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Basi kulikuwa na msichana, mwalimu huko Homa Bay, ambaye nilitaka kumwoa. Baba yake aliishi Rangwe na alikuwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa na pikapu kuukuu ya Kiingereza ambayo aliitumia kubebea samaki wakavu wa kisiwa cha Mfangano kutoka gati la Homa Bay. Pikapu hiyo ilipoanza kulia mbele ya injini, msichana akamwambia baba yake kwamba kuna fundi hodari sana Migori. Kisha akaniandikia barua: chukua cheni ya taimingi, uje kama fundi, usije kama mchumba. Mimi ni Mkuria, wao ni Wajaluo, na mzee alikuwa ameshatangaza kwamba hana haja ya mkwe kutoka mpakani. Msichana aliamini nikionekana na spana mkononi moyo wa mzee utalainika. Nami hila sijawahi kuikataa, hasa ikiwa ni ya mtu mwingine.

Nilifika asubuhi na cheni kwenye boksi lake, spana za kuazima, na shati jeupe ambalo fundi wa kweli asingethubutu kulivaa. Mzee alilitazama shati, akanitazama mimi. Hakudanganyika hata dakika moja.

"Wewe ndio ule anaandikia msichana yangu barua," akasema.

Nikasema ndiyo, mzee.

"Na hizi vitu unauza, unazijua ama unaziuza tu?"

"Nazijua, mzee."

"Sawa. Mimi naenda soko. Kama hii gari itanipeleka Homa Bay leo, wazee wako wakuje tuongee. Ikikataa, chukua spana zako na nisikuone hapa tena."

Akaondoka na baiskeli yake. Nikabaki uani na pikapu, kuku wanne, na maisha yangu yote ya mbele.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Ningetoa cheni ya zamani na kuweka mpya vilevile nilivyoikuta, bila kugusa kitu nisichokielewa. Nilimwaga maji ya rejeta, nikaitoa, nikatoa mkanda wa feni. Nati kubwa ya mbele ilinikatalia saa nzima mpaka nikaisemesha kwa Kikuria maneno ambayo sitayaandika. Shati nililivua na kulitundika kwenye kioo cha pembeni, maana ndilo pekee nililokuwa nalo. Hatimaye kifuniko cha mbele kikatoka, na ndani nikaiona cheni imelegea, imezunguka gia mbili, ndogo ya injini chini na kubwa ya valvu juu.

Jambo moja nilikuwa nimelisikia kwa madereva pale kaunta: cheni ikitoka, ile gia ya juu hujigeuza yenyewe, kwa sababu springi za valvu zinaisukuma, kwa hiyo ni lazima uishike. Nikaishika kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia nikaanza kuiteremsha cheni. Nilijiona fundi kweli. Nilianza hata kupiga mluzi.

Hapo ndipo mama wa msichana akatokea kwenye lango, ametoka shambani na jembe begani.

Kwetu na kwao jambo hili ni moja. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na heri uumwe na nyoka kuliko akuone kifua wazi. Ni kweli kwamba hakuna aliyekuwa ameniita mkwe. Lakini nikibaki pale tumbo nje, nitakuwa nimesema kwamba huyu mama si kitu kwangu. Sikupata nafasi ya kuyapima hayo. Miguu iliamua. Niliachilia gia, cheni, kila kitu, nikachomoka mpaka nyuma ya ghala la mahindi, na nyuma yangu nikasikia ndani ya injini mlio mdogo sana. Ilikuwa gia ya juu ikijigeuza.

Mama akapita uso umeelekea upande wa pili, akaingia nyumbani. Nikatoka, nikavaa shati na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikarudi kutazama. Sikujua tena gia ile ilikuwa imekaa wapi. Nikaweka cheni mpya kwa kukisia, nikarudisha kila kitu, nikajaza maji, nikaingiza hendeli ya kuwashia na kuzungusha. Pikapu ikakohoa, ikatema moshi mweusi kwa kabureta, ikanyamaza. Nikazungusha tena. Ikapiga mshindo mmoja uliowapandisha kuku wote juu ya ua. Niliongeza petroli. Nilisafisha plagi. Nilisali pia, nikaahidi mambo ambayo sijayatimiza hadi leo. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, na niliogopa kweli. Nilimwona msichana yule akiolewa na mwalimu mwenzake mwenye shati jeupe lisilo na grisi.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, amenipa mgongo, anashona kwa cherehani ya mguu. Akaacha kukanyaga. Kuku mmoja alikuwa ameshuka na kumsogelea, naye akaanza kuongea na yule kuku.

"Wewe kuku," akasema, "hii cherehani yangu ikiruka uzi, mimi siongezi mafuta. Sipigi kelele. Nafungua naangalia kama sindano ya juu na ile kitu ya chini zinakutana. Zikikosana hata kidogo, hakuna kushona."

Kuku wale walikuwa wamezaliwa Rangwe na kukulia Rangwe, na tangu arudi shambani nilikuwa nimemsikia mama akiwafukuza kwa Kijaluo. Huyu mmoja ndiye aliyebahatika kusemeshwa kwa Kiswahili.

"Na kila kitu ya kukutana iko na alama," mama akaendelea kumweleza. "Hata kama imefunikwa na uchafu."

Nilifungua upya kuanzia rejeta. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikasugua gia ile ya juu, na chini ya grisi ya miaka mingi kikatokea kitone kimoja, kidogo kama cha ncha ya msumari. Nikasugua ya chini. Kitone kingine. Nilikuwa nimeuza mamia ya gia hizo na sikuwahi kuzitazama usoni. Nikavigeuza vitone viwili mpaka vikatazamana, nikavisha cheni, nikafunga. Hendeli mara ya kwanza haikushika. Ya pili pikapu ikawaka na kutulia, na ule mlio wa mbele haukuwepo tena. Nilicheka peke yangu pale uani. Mama akarudi kukanyaga cherehani yake.

Mzee alirudi jua likiwa limeanza kulegea. Akazunguka uani na pikapu mara mbili, akasimamisha bila kuzima injini, akasikiliza sana. Kisha akamgeukia mkewe, na akamwuliza kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Huyu amefanya mwenyewe, ama kuna mtu amemsaidia?"

Mama hakugeuka. Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Mimi nitajua aje?" akasema. "Kwani mtu anaangalia mkwe wake akifanya kazi?"

Neno hilo la mkwe lilikuwa halijatamkwa juu yangu na mtu yeyote katika boma lile. Mzee akaufungua mlango wa upande wa pili wa pikapu.

"Ingia," akaniambia. "Njiani utaniambia wazee wako wanakuja siku gani."

Nikaingia. Nilisahau mlango wazi, ikabidi mzee ainame mbele yangu anifungie.