Salama, Ila

Aprili, 1948, nilimpoteza mdogo wangu. Alijiua. Kwetu Junda watu walisema amefariki ghafla, nami niliitikia hivyo. Leo naandika ilivyokuwa.

Alirudi vitani mzima wa mwili, lakini usingizi hakuwa nao. Tulifanya kazi pamoja kwenye timbo la Mwakirunge, tukikata mawe ya kujengea. Kila asubuhi nilimuuliza, "Umeamkaje?" Naye, "Salama, kaka."

Kwetu salamu hujibiwa kwa wema kwanza, hata nyumba ikiungua. "Salama, ila nyumba imeungua." Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila. Asubuhi yake ya mwisho alijibu, "Salama, ila..." Nikamkatiza: "Ila njaa! Shika sururu, nyapara anatuangalia." Akacheka. Nikafurahi kwamba amecheka.

Sisemi neno langu ndilo lililomuua. Mzigo wake ulikuwa mkubwa, na wa siku nyingi. Lakini siku aliyotaka kuutua, sikumpokea.

Baada ya mazishi niliacha kula. Nikaanza kuwaza kumfuata. Kila aliyeniuliza hali nilimjibu salama.

Mjane wake ndiye aliyenishika. Alikuja na uji.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama."

"Salama gani hiyo? Umekonda kama mpini wa jembe!"

"Salama, ila..."

Akaweka kibuyu chini, akaketi. "Ila nini? Mimi sina niendako."

"Nataka kumfuata mumeo."

Hakupiga kelele. "Basi leo hukai peke yako," akasema, akamwita mjomba wangu.

Nilikaa kwa mjomba mpaka mahindi yakakomaa. Nilimweleza habari yote, nikarudia, nikarudia tena, hata akasema, "Mwanangu, sasa naijua kuliko wewe. Haya, anza upya." Usingizi ukarudi, kisha njaa. Huzuni haikuondoka, lakini nilijua naiweza. Wazo lile likija, nalitaja kwa mtu siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo dawa niliyoijaribu mwenyewe, na nina hakika nayo.

Nikarudi timboni. Siku ya kwanza nilimsalimu mzee niliyekuwa nikikata naye mawe.

"Umeamkaje?"

"Salama, ila..."

Nyapara alikuwa anatuangalia. Nikaweka sururu chini, nikaketi juu ya jiwe.

"Ila nini, mzee wangu?"