Mama Kabari na Mkaratusi wa Nyuma ya Wodi

Tanuri langu la mikate hula kuni kuliko ng'ombe anavyokula majani, na kwa miaka kumi na minne sijanunua kuni kwa mtu mwingine ila Mama Kabari. Si kwa sababu ni jirani. Majirani wameshaniuzia vibovu vingi bila kupepesa macho. Ni kwa sababu kuni zake zimekauka kweli. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama vigae. Ukimwomba zile za juzi kwa kuwa umeishiwa, atakukatalia kwa uso mkavu: "Hizo bado zinanyonya, jirani. Ngoja zikue."

Jina la Kabari alipewa na wateja. Gogo lenye mafundo, lililowatoa wanaume jasho, yeye hulizunguka kwanza akilitazama kama mtu anayetafuta mlango. Kisha hupachika kabari mahali pamoja tu, akapiga nyundo mara mbili, na gogo likafunguka. Enzi hizo kazi yake ilikuwa kupasua na kuuza. Kupanda miti na kuiangusha ilikuwa kazi ya mumewe.

Miaka tisa iliyopita tawi lililokuwa limenasa juu ya mti lilichomoka na kumpiga mumewe begani. Alipona, ila mkono wa kulia ukagoma kupanda kupita kifua. Ndugu zake wakafanya kikao sebuleni kwake, wakakubaliana msumeno wa injini uuzwe. Mama Kabari aliingia na sinia la chai, akaliweka mezani taratibu.

"Msumeno hauuzwi," akasema. "Mwalimu ninaye humu humu ndani."

Shemeji mmoja alicheka mpaka chai ikampalia. Aliyesimama upande wake alikuwa mmoja tu, wifi yake, dada wa mume, mwanamke wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha mtaa. "Akiupanda mti, kamba nitaishika mimi," wifi akawaambia kaka zake. "Nyie endeleeni na chai."

Mume alimfundisha mwaka mzima. Alimchorea mstari wa chaki kwenye gogo lililolala, naye akikengeuka hata unene wa kucha, alikata tena. Alimfundisha kugonga shina kwa kisogo cha shoka na kusikiliza linajibu nini. Mama Kabari akaanza na miti midogo ya nyuma ya nyumba za watu, kisha ya barabarani, kisha ile iliyoota kati ya paa na paa. Mwanzoni wateja walimpita wakiuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Kufikia mwaka wa tatu swali hilo lilikuwa limekufa kifo cha kawaida.

Sasa nije kwenye mkaratusi.

Msimu wa mvua uliopita upepo ulivuma siku mbili mfululizo. Nyuma ya zahanati yetu, kati ya wodi ya wazazi na tangi la maji, palikuwa na mkaratusi mrefu kuliko kitu chochote mtaani. Upepo ulipotulia, tuliukuta umeinamia bati la wodi, na udongo wa upande mmoja wa mizizi umefumuka. Kampuni moja yenye kreni ikaitwa. Msimamizi wao, bwana mwenye kofia ngumu nyeupe, aliupima uchochoro wa pembeni ya wodi kwa hatua zake, akatikisa kichwa. Kreni haipiti, alisema, mpaka ukuta wa wodi uvunjwe. Wakageuza gari wakaenda zao.

Muuguzi mkuu aliwahamishia wazazi kwenye korido ya upande wa mbele, vitanda vimebanana kama meno ya chanuo. Kisha akaja kwa miguu mpaka kwenye uwanja wa kuni, kumwomba Mama Kabari aushushe mti.

Mama Kabari hakumjibu papo hapo. Alienda na mumewe, wakauzunguka ule mti nusu siku. Aligonga shina mpaka pale mkono wake ulipofika, likajibu vizuri. Upande wa pili wa uchochoro palikuwa na msunobari mzima, umesimama kama askari. "Tutaufunga kwa huyu," mumewe akasema, "kisha utaushusha kipande kwa kipande." Akakubali.

Asubuhi ya kazi nilikwenda na kapu la mikate, nikapewa kazi ya kuzuia watazamaji, na walikuwa wengi. Waliufunga mkaratusi kwenye msunobari kwa kamba nene. Mama Kabari akavaa kofia na mkanda, akapanda na vyuma vyake vyenye meno miguuni, msumeno ukining'inia kiunoni. Kila kipande alikifunga kwa kamba iliyopita kwenye kapi, gurudumu dogo alilolifunga kwenye mkaratusi wenyewe, kisha akakikata. Chini, wifi yake alikuwa ameizungusha kamba mara tatu kwenye kisiki cha kale, akikilegeza kipande hatua kwa hatua mpaka kikalala chini bila kishindo.

"Wifi!" akapaza sauti kutoka chini. "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tunakungoja, ila njaa nayo inatungoja!"

Watu wakacheka. Hata juu ya mti kofia ilitikisika.

Katikati ya asubuhi sauti ya msumeno ikabadilika. Hata mimi nisiyejua kitu niliisikia. Ilikuwa ikinguruma nzito, ghafla ikawa kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Unga wa mbao uliokuwa ukimwagika mweupe ukaja mweusi, umelowa.

Mumewe akainuka. "Zima!"

Akazima.

"Mama, hapo ndani ni pango. Shuka."

"Nimeliona."

"Basi shuka, tuiache kazi hii. Wavunje huo ukuta wao."

 Mama Kabari alitazama bati la wodi chini yake, akatazama msunobari, akatazama tena bati.

"Nashuka, Baba Watoto," akasema. "Lakini kazi siachi."

Akashuka.  Alikaa juu ya sanduku la vifaa, akanywa maji, akaokota kijiti na kuchora udongoni: miti miwili, paa, kamba.

"Tazama. Kila kipande kikikatika, uzito wote unamvuta huyu mgonjwa, maana kapi iko kwake. Kapi iende kwa mzima. Na kamba ya mkanda wangu iende huko huko. Huyu akianguka, aanguke peke yake."

Mumewe aliufuata mchoro kwa kidole, kamba kwa kamba. 

"Hili sikukufundisha," mume akasema hatimaye.

"Hukuwahi kukutana na mti kama huu."

Mume alikuna kidevu kwa mkono wa kushoto. "Vipande viwe vifupi basi. Urefu wa mkono."

"Wangu au wa wifi?"

"Wako, tafadhali!"

Akapanda msunobari, akafunga kapi juu kabisa, akafunga na kamba yake mwenyewe, kisha akarudi kwenye mkaratusi. Kuanzia hapo kazi ilikwenda polepole kama mtu anayechomoa mwiba. Kipande kinakatika, kinabembea juu ya uchochoro mbali na bati, kinashuka. Siku ya kwanza ikaisha na pango likiwa limeshuka chini lote, vipande vyenye tundu katikati vimepangwa ukutani kama ngoma zisizo na ngozi.

Siku ya pili lilibaki shina tu, refu kuliko mtu mara mbili hivi, fupi mno kulifikia paa hata kama lingeanguka. Mama Kabari alikuwa ameshashika kamba ya kuwashia injini muuguzi mkuu alipotokea akipunga mikono. Kuna mama ameletwa na uchungu mgumu. Chumba cha kuzalishia ni kilekile cha upande huu, vifaa vyote viko humo, na wakunga wanahitaji utulivu.

"Kelele hizo, fundi, jamani. Mnaweza kungoja?"

"Injini itangoja," Mama Kabari akajibu. Akamgeukia wifi yake. "Lete ule wa watu wawili."

Ule wa watu wawili ni msumeno mrefu wa mkono wenye mpini kila upande. Wakapiga magoti, mmoja huku, mmoja huku, wakaanza kuvuta. Vuta, achia, vuta, achia, bila neno. Hata wifi alinong'ona, na kunong'ona kwake si jambo dogo. Mume alikuwa akisukuma kabari kwenye ufa kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo. Saa nzima na zaidi. Shina lilipoanza kulia waliinuka wakarudi nyuma, nalo likalala uchochoroni palepale walipokuwa wametandika magunia ya maranda. Lilitoa mlio kama godoro likitupwa sakafuni.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, wa kike, na muuguzi mkuu akatoka mwenyewe kutuambia. Kisha akatembea urefu wote wa wodi akitazama juu. Bati halikuwa na hata mkwaruzo. Jioni ile ile vitanda vilirudi mahali pake.

Baada ya wiki, yule bwana wa kofia nyeupe alifika kwenye uwanja wa kuni. Safari hii kofia aliishika mkononi. Alimuuliza mume ni kampuni gani iliyoifanya kazi ile ya zahanati. Mume akainua kidevu kuelekea kwa mwanamke aliyekuwa akipasua gogo. "Kampuni ndiyo ile pale," akasema, "na ukitaka kusema nayo, ngoja imalize gogo."

Alingoja. Alikuwa na wapandaji wawili, watu wazima wenye uzoefu, akaomba waje wajifunze kwake.

"Walete," Mama Kabari akasema. "Lakini kwangu hakuna anayepanda kabla hajajua kunoa. Baba Watoto ndiye atakayewapokea."

Nilikuwepo wakipakia kuni zangu, nikamwona mume akinyoosha mgongo kama kijana anayepigwa picha.

Walikuja. Siku ya tatu mmoja wao akalalamika kwamba vidole vimemchubuka kwa tupa na mti bado hajaugusa. Wifi alikuwa akipita na tita la kuni kichwani, wala hakupunguza mwendo.

"Miti ipo tu, kaka yangu, haina miguu. Noa."