Alichosema Mama Yake Kwenye Filamu Isiyo na Sauti

Nilipoanza kumhudumia alikuwa na miaka tisini na mitano, akiishi Moseley, mtaa wa Birmingham huko Uingereza, kwenye nyumba kubwa ya matofali mekundu ambayo ghorofa zake za juu alikuwa amewaachia wapangaji. Mimi nilikuwa nimetoka Kenya mwaka uliotangulia, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka majumbani mwa wazee: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia. Siku ya kwanza aliniambia nisimame penye mwanga.

"Sisikii hata radi," alisema. "Nasoma midomo. Ukinipa mgongo, umeninyamazia."

Surua ilimwondolea uwezo wa kusikia akiwa na miaka saba. Nikijisahau nikasema jambo kwa Kiswahili, alicheka na kuniambia leo nimevaa mdomo wa mtu mwingine. Aliniita "bab", kama watu wa Birmingham wanavyomwita mtu waliyemzoea. Mimi nilimwita mama. Walitufundisha kazini tuwaite wazee kwa majina yao, lakini mbele yake ulimi wangu ulikataa.

Juu ya kitanda chake kulikuwa na picha ya msichana mwenye macho makubwa yaliyojaa wanja. Huyo alikuwa mama yake. Alianza maisha kwenye kiwanda cha vifungo, hapa hapa mjini, kisha akaingia kwenye filamu za zamani, zile zisizokuwa na sauti. Alicheza kwa miaka sita. Akiwa bado anacheza aliolewa na fundi wa taa aliyefanya kazi naye, baadaye wakarudi Birmingham, na tangu hapo akawa anauza tiketi kwenye mlango wa sinema hadi uzeeni. Filamu zake ziliungua au zilitupwa. Binti yake hakuwahi kuona hata moja.

"Watu husema ni sauti iliyomfukuza," aliniambia asubuhi moja nikimchana nywele, kioo kikiwa mbele yetu ili anione mdomo. "Filamu zilipoanza kuongea, walitaka wanawake wanaozungumza kama malkia. Mama alizungumza kama mtu wa kiwanda cha vifungo."

"Na wewe unasemaje?"

"Shangazi yangu aliniambia ni mimi. Kwamba nilipoingia tumboni, kazi ya mama ikafa. Nilikuwa na miaka kumi. Sikuthubutu kumwuliza mama."

Na mama huyo ndiye aliyemfundisha kusoma midomo. Kila siku akitoka shule walikaa dirishani, mama akamsimulia hadithi nzima kwa uso na midomo, bila kutoa sauti.

Ndipo ikaja barua. Nyumba moja ya mtaa wa Shard End ilikuwa ikisafishwa baada ya mwenyewe kufariki, mzee aliyewahi kuendesha mitambo ya sinema, na darini wakakuta mkebe wa filamu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja tu. Wahifadhi wa filamu za kale walizitengeneza, na sasa walikuwa wakimwalika aje kumtazama mama yake.

Nilimvalisha gauni la buluu, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Ukumbini tulikuwa watu kama arobaini, na mwanamume mmoja alipiga piano kando ya pazia la sinema. Taa zikazimwa. Yule msichana wa pichani akatokea, akitembea. Mama, yule mzee wangu, alishika mkono wangu.

Msichana alikuwa anaigiza mwalimu wa watoto aliyefukuzwa kwa tajiri. Alilia, akanyoosha mikono, na maandishi yakatokea kwamba heri afe kuliko kuishi bila mpenzi wake. Mtu nyuma yetu alivuta kamasi. Mama, kando yangu, akaangua kicheko.

Watu waligeuka. Nilimgusa bega ageuke anione mdomo kwa mwanga wa pazia. "Kuna nini?"

"Hasemi hivyo!" alisema kwa sauti kubwa, maana hakuwa na njia ya kujua ukubwa wa sauti yake. "Anasema viatu vinamuua."

Ukumbi mzima ukacheka. Kwenye pazia, msichana alizimia, na mwanamume mwenye masharubu akamdaka na kumlaza mapajani, uso wake umetuelekea, midomo ikitikisika kama ya mtu anayekata roho. Nilihisi kucha za mama zikiingia kwenye mkono wangu.

"Rudisheni," alisema. "Tafadhali. Rudisheni hapo."

Mwanamke aliyeendesha mashine alirudisha. Akarudisha tena. Mpiga piano aliacha kupiga. Mara ya tatu mama alianza kutusomea, neno kwa neno, mdomo wake ukifuata wa mama yake.

"Nishike taratibu hapo tumboni. Kuna mtu humo." Yule mwanamume alijibu kitu, lakini alikuwa amegeuza kichwa, midomo yake haikuonekana. "Waache wakasirike. Watapata mwingine. Mimi huyu nimemngoja miaka mitano."

Mimi nililia, nikamfikiria binti yangu aliyekuwa bado Nakuru kwa dada yangu. Mama hakulia. Aliomba waendelee, akatazama hadi mwisho.

Nje alitaka chipsi zenye siki nyingi. Tulikula tukiwa kwenye kibaraza cha duka, mvua ikinyesha.

"Shangazi hakukosea," alisema akijipangusa vidole. "Ni mimi kweli. Ila hakuniambia kwamba mama alifurahi."

Wiki zilizofuata wahifadhi walikuja nyumbani mara tatu na kompyuta yao. Aliwasomea kila mdomo ulioonekana, hata wa mpishi aliyepita nyuma akilalamikia baridi, nao wakaandika yote. Alifariki miezi saba baadaye, mchana, usingizini. Mazishini walionyesha zile dakika kumi na moja, na maneno yaliyoandikwa chini yalikuwa yale aliyoyasoma yeye.