Nyimbo za Magari Mkekani kwa Binti Yangu

Mimi shule niliachia darasa la nne, na haijawahi kuniuma. Trekta la kwanza kijijini kwetu, huku Iramba, kununuliwa na mzaliwa wa hapa nililinunua mimi. Mashine ya kukamua alizeti ni yangu, na tipa linalosomba mchanga kwenda Kiomboi ni langu. Waliosoma wananijia niwalimie kwanza, nami nawapanga foleni. Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuja kukaa mkekani mchana kweupe akiimba nyimbo za chekechea.

Binti yangu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumempeleka shule ya awali ya Kiingereza, na nyumbani mama yake alimwekea kwenye simu nyimbo za magari: gari la wagonjwa, zimamoto, kijiko kinachochimba, bredauni inayovuta magari mabovu. Alizijua zote. Nikimpakata kwenye trekta, tukipishana na greda la barabara, ananitajia jina lake kwa Kiingereza, kisha anaziba mdomo kunicheka, maana mimi mwenye magari sikuyajua majina yake. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nayanunua, wewe yataje." Alilipenda neno hilo, akawa anawaambia wageni.

Wakati wa mavuno ya alizeti malaria ikampanda kichwani. Akapata degedege, tukamkimbiza hospitali, na baada ya kulazwa muda mrefu tulirudi naye hai. Ila tulirudi naye bila maneno. Uji anameza, miguu inatembea kwa kuyumba, macho yanatazama. Mdomo kimya. Daktari alisema maneno yanaweza kurudi na yanaweza yasirudi, tuongee naye sana, hasa vitu alivyovipenda. Nikamuuliza ni hospitali gani kubwa nimpeleke, hata kama ni ya nje, tipa la kuuza ninalo. Akasema kwa sasa hakuna cha kununua. Nimezoea kila kilichoharibika kina spea yake dukani.

Sasa huku kwetu mtoto akitoka hospitali watu wanakuja kumwona, na kila mkubwa anataka shikamoo yake. Ndiyo kipimo chao. Akiamkia, amepona. Wakaja majirani, wakaja ndugu zangu, na kila mmoja anamwinamia: haya, nipe shikamoo, sema shi-ka-moo. Wengine walimshika kidevu. Nia yao ilikuwa njema, lakini niliona mwanangu anakakamaa na kufumba macho, na kila mgeni akiondoka yeye amezidi kujifungia. Ikafika mahali akiona tu kivuli cha mtu mzima mlangoni anageukia ukutani. Nikapiga marufuku. Kwenye nyumba yangu hakuna wa kumdai mtoto huyu shikamoo.

Mama yangu mzazi, ambaye ninakaa naye, hakunielewa kabisa. Yeye mtoto akimpita njiani bila kumwamkia humfuata hadi kwao.

"Mtoto asiyeamkia unamlea awe nini?" akaniuliza. "Mali imekupa kiburi mpaka kwa wazee."

Akahamishia chakula chake chumbani, asile na mimi.

Nikabaki na nyimbo. Mke wangu alizijaribu, akashindwa, kila akianza analia. Simu nayo ikiimba yenyewe mtoto hageuki. Nikaona sauti itoke kwa mtu, na mtu huyo ni mimi. Kiingereza kilinitesa. Nilikuwa nasikiliza ndani ya tipa narudia peke yangu, "ambulance, ambulance", hadi dereva wangu akaniuliza kwa heshima kama kichwa kiko sawa. Siku moja shemeji yangu alinikuta mkekani nimeshika usukani wa hewani, napiga king'ora.

"Tajiri," akasema, "la tano lilikushinda, sasa umeanza upya chekechea?"

Zamani ningemjibu, mdomo ninao. Nilimwambia akae aitikie. Akakaa, na aliimba vibaya kuliko mimi.

Hakuna kilichotokea. Niliimba asubuhi kabla ya kuwasha mashine, nikaimba jioni, nikafika mahali naimba kwa hasira, kama mtu anayepiga stata kwenye gari lililokufa betri. Siku nyingine nilitoka nikalia nyuma ya tangi la mafuta, na wafanyakazi wangu wakajifanya wanahesabu magunia. Mimi, ambaye kijiji kizima kinanisikia nikiongea, nilikuwa nabembeleza neno moja tu, lolote lile, na silipati.

Jioni moja mama yangu akatoka chumbani, akaketi pembeni ya mkeka bila kunitazama. Nilikuwa kwenye wimbo wa zimamoto. Nilipotua kuvuta pumzi, binti yangu akamgeukia bibi yake, akamwangalia usoni, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Fire engine."

Mama yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini akainamisha kichwa vile anavyofanya akiamkiwa.

"Marahaba, mke mwenzangu," akasema. "Marahaba sana."

Nisikudanganye kwamba mambo yakaisha hapo. Maneno yamekuja moja moja, yote ya magari, yote ya Kiingereza. Mimi hajaniita baba, na mama yake hajamwita mama. Nikimwonyesha kikombe ananyamaza. Kuna saa naogopa kwamba hayo ndiyo yote yaliyobaki, kwamba nitazeeka nikiongea na mwanangu habari za kijiko na bredauni. Wiki hii koo lilinikauka, nikaukatisha wimbo katikati, nikanyanyuka. Akanivuta shati.

"Again," akasema.

Hilo silo jina la gari lolote, magari yote nimeshayajifunza. Nikamwita mke wangu, ambaye alimaliza kidato cha nne, nikamuuliza mtoto anasema nini. Akasimama mlangoni, mikono ina unga.

"Anataka urudie," akasema. "Anakuomba, baba."

Nikakaa chini, nikaanza tangu mwanzo na koo lile lile bovu.